Faili Lisilo na Mwenyewe

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Doha, ambako ibada yetu huwa Ijumaa, ambayo hatukwenda kanisani, na mimi si mtu wa kukosa kanisa bila sababu. Mjukuu wangu Kavata alikuwa amekaa sebuleni tangu chai ya asubuhi, kompyuta mapajani, uso umemkauka. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nikamwuliza kama ni mwanamume. Akasema, "Susu," yaani bibi kwa Kikamba chetu, "ni kazi." Sikumwamini. Msichana wa siku hizi akikwambia ni kazi, wewe subiri kidogo, utaona kazi yenyewe ina ndevu.

Kazi ikabisha hodi, na kweli ilikuwa na ndevu. Ilikuwa inaitwa Otieno, mwenzake wa ofisini, amebeba kompyuta mpya kwenye begi. Akanisalimu vizuri, akavua viatu mlangoni. Hata hivyo nilikaa mahali ninapoweza kuwaona wote wawili.

Mwanangu, wewe unayekula kwa kompyuta, nakuandikia wewe. Shule sikwenda sana; kusoma nilijifunza kwa Biblia na kuhesabu nilijifunza sokoni. Haya ya programu nimeyajua kwa kuuliza, na walionijibu walikuwa na subira. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikikosea jina la kitu, niwie radhi, shika maana.

Kwanza ujue kilichokuwa kinamkausha mtoto uso. Nilikuwa nimekuja kumtembelea Al Rayyan, pembeni mwa Doha, nione kwa macho yangu kama nyumba anayosema anakaa ni nyumba kweli. Nikamkuta yuko mwishoni mwa majaribio kazini. Kampuni yao ilikuwa imetengeneza programu ya wauguzi wanaokwenda majumbani kuwatunza wagonjwa: nani aende kwa nani, saa ngapi, ampe dawa gani. Mteja mwenyewe yuko Umm Salal. Jumapili, siku ambayo hapa wiki ya kazi inaanza, programu ingewekwa kwenye kompyuta ya mteja, mbele ya mteja, na mudir wao, yaani meneja, angekuwa amesimama hapo akitazama. Ikifanya kazi, Kavata anabaki. Ikikataa, basi. Na kwa wewe usiyekaa huku, nikwambie: kazi na ukaazi hapa vimefungwa kwa kamba moja. Kazi ikikatika, ukaazi unaifuata, na unafunga sanduku. Wadogo zake Kavata wako shule kwa mkono wake. Haikuwa mchezo.

Otieno alikuja kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imekufa, akapewa nyingine isiyo na kitu. Walitaka kuishusha kazi yote upya humo kutoka mtandaoni, waone kama itaenda kwenye mashine isiyojua lolote, kwa kuwa ya mteja nayo ingekuwa hivyo. Ni wazo zuri. Siku ile nililitilia shaka, maana lilikuwa la Otieno.

Basi ikaanza kushuka. Nikapika chai, inashuka. Nikachambua maharagwe, nikayabandika, bado inashuka.

"Mmebeba nini humo," nikauliza, "mawe?"

"Susu, humo kuna video za mafunzo, kuna mapicha, kuna hadi zile zilifutwa kitambo," Otieno akasema.

"Kilichofutwa kinabebwaje?"

Kavata ndiye aliyenieleza. Kazi yao wanaiweka mahali wanapopaita repo, nami nikapaita ghala, tukaelewana. Ghala hilo linakumbuka. Ukibadilisha mstari mmoja, linajua ni nani, ni mstari gani, na siku gani. Ukiharibu, unarudi nyuma mpaka pale palipokuwa pazuri. Lakini kukumbuka huko hakuchagui.

"Ukiweka video leo na ukaifuta kesho," akasema, "mezani haipo, lakini ghalani ipo milele. Kila mtu mpya akija anabebeshwa."

"Na ukiibadilisha kidogo tu?"

"Inawekwa nyingine nzima, Susu. Maandishi unaweza kuyasoma na kuona kilichobadilika. Lakini video, picha, programu iliyokwisha kufungwa, huoni ndani. Unajua tu kwamba hii si ile ya jana."

Hilo neno la huoni ndani liliniingia vibaya. Mimi kitu kisichoonekana ndani sijakipenda tangu usichana wangu, na nitakwambia ni nani aliyenifundisha.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, kule kwetu Ukambani, na mama mkwe wangu Syokau alinipeleka kwenye kikundi cha akina mama waliosuka vyondo, vikapu vya katani, vya kuuza Nairobi. Katani tuliichuna wenyewe, tukaisokota kwenye paja mpaka ngozi ikawa ngumu. Rangi nyeusi na ya udongo tulizipata kwa majani na magome. Nyekundu tu ndiyo iliyotushinda. Nyekundu tulinunua uzi uliokwisha kupikwa rangi, kwa mchuuzi mmoja aliyeitwa Kilonzo, mtu wa meno mengi, anacheka kabla hujasema kitu.

Kila alipokuja, mama mkwe alimwuliza, "Rangi hii amepika nani?"

"Mama, ni ile ile."

"Sikuuliza ni ipi. Nimeuliza nani."

Halafu anauchukua ule uzi, anaufunga fundo lake, tofauti na fundo la safari iliyopita, anauweka peke yake. Hachanganyi. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mmoja alisema Syokau anamchunguza Kilonzo kuliko mke wa Kilonzo. Mama mkwe akamjibu, "Mkewe hamvai begani kwenda sokoni."

Alikuwa na sheria nyingine. Kibanda cha uzi ni cha uzi. Kiondo kikiisha kinapelekwa kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo, kibandani kinabaki kipande cha kamba chenye alama yake, basi. Wakati huo niliona ni ukali wa bure. Lakini akina mama wa kijiji cha pili walirundika vyondo vyao pamoja na nyuzi, na mtu akitaka uzi ni lazima apindue mlima.

Mwaka mmoja tukapata kazi kubwa. Tulisuka kama watu waliorogwa. Siku ya kupeleka, mvua ikatukuta kituoni tukisubiri gari, na vyondo vikalowa. Mwanangu, ile nyekundu ilitiririka. Iliingia kwenye nyeupe, ikaingia kwenye nguo zetu, tukafanana na watu waliotoka kuchinja. Mnunuzi alitutazama, akasema hachukui.

Kumbe mzee aliyekuwa akimpikia Kilonzo rangi alikuwa amefariki, naye akatafuta mwingine bila kutwambia. Tulipomkabili akasema nyekundu ni nyekundu. Jina lile lile, rangi nyingine. Tukaulizana ni vyondo vipi vina uzi wa yule mpishi mpya. Hakuna aliyejua. Uzi wa zamani na wa sasa ulikuwa umechanganyika kapu moja. Vilevile hatukuweza kuvijua kwa kuvitazama, maana vikavu vyote vilikuwa vizuri.

Mama mkwe alikwenda kwenye mafundo yake, akavitoa vyake vilivyokuwa na uzi mbaya, akafumua mistari ile tu, akasuka upya. Kisha akatugeukia. Alinitazama mimi, kwa sababu bi arusi ndiye anayekemewa ili wakubwa wasikie.

"Mkono wako umeusomesha," akasema, "halafu moyo wa kiondo ukamwachia mtu usiyemjua. Uzi usiomjua aliyeupika usiuite wako. Unaweza kuununua. Unaweza kuusuka. Lakini usiuite wako."

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa kushuku. Watu husema ni tabia mbaya. Wamesema mengi.

Sasa turudi Al Rayyan. Kazi ilipomaliza kushuka, Otieno akaiwasha kwenye kompyuta yake. Haikuzima, wala haikulia. Ilifanya jambo baya zaidi: ilikwenda, lakini ikakosea. Muuguzi wa kwenda mtaa wa The Pearl asubuhi ilimpanga jioni. Kwa Kavata, programu ile ile, saa zilikuwa sawa.

"Umegusa nini?" nikamwuliza Otieno.

"Sijagusa kitu, Susu."

"Ilikuwa nzima kabla hujaingia."

"Ya Kavata bado ni nzima. Iliyoharibika ni yangu."

"Ndiyo nasema. Yako."

Kavata akacheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha wakakaa bega kwa bega, nami nikavuta kiti karibu, wakawa wanasoma vipande vya kuazima kimoja kimoja. Nikauliza, vya kuazima kwa nani? Kavata akaniambia hakuna anayeandika programu yote peke yake. Kipande cha kuhesabu saa unachukua kwa mtu, cha kuchora ramani kwa mwingine. Watu huko duniani wameviandika, wameviweka wazi, yeyote anachukua.

"Watu gani?"

"Wengine tunawajua kwa kazi yao."

"Na wengine?"

"Wengine ni jina tu, Susu," Otieno akasema. "Jina na picha ya paka."

Mwanangu, nilijikuta nimeshika kichwa. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu si ndugu hata kidogo, ni paka.

Haikuchukua muda wakaliona kosa. Kwenye orodha ya vipande, pale penye kile cha saa, mtu alikuwa ameandika kiletwe kilicho kipya kabisa. Hakutaja toleo. Kompyuta ya Kavata ilikuwa imekaa na kile cha zamani, nayo ya Otieno, kwa kuwa ni mpya, ikaenda kuchukua kilichotoka wiki ile. Na mwenye kipande alikuwa amebadilisha namna anavyozihesabu saa za nchi mbalimbali. Si kwa ubaya. Alikuwa ameandika na tangazo. Hakuna aliyelisoma.

Nikawasimulia habari ya Kilonzo. Nilidhani watashangaa. Hawakushangaa.

"Tunajua, Susu," Kavata akasema kwa sauti ndogo. "Inaitwa kufunga toleo. Unaandika namba kamili ya kile ulichokijaribu, pamoja na alama yake, ili mtu akibadilisha cha ndani kwa jina lile lile, kompyuta ikikatae. Tulifundishwa. Haraka tu."

Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu asiyejua unamfundisha. Anayejua na akaacha, utamfundisha nini?

Otieno akaja na njia ya mkato. "Tuchukue folda yote ya vipande kwa kompyuta yako, tuitupe ndani ya repo. Jumapili itafanya kazi. Khalas, yamekwisha."

"Itafanya kazi Jumapili," Kavata akasema, "na kuanzia Jumatatu kila mtu atabeba mlima. Umesahau tumekaa hapa asubuhi nzima tukingoja video za watu walioacha kazi?"

Hakubisha. Wakafunga matoleo, kila kipande na namba yake. Zile video wakazihamishia ghala lingine la vitu vizito, humu wakaacha alama tu ya kuonyesha ziko wapi. Kavata akanieleza kwamba za nyuma zitabaki kwenye kumbukumbu mpaka wote ofisini wakubaliane kuisafisha, lakini angalau mlima hautaongezeka. Wakajaribu upya. Saa zikanyooka. Nikaleta chapati na maharagwe, na Otieno akala kama mtu aliyetumwa.

Kavata hakula. Kulikuwa na faili moja alilolitazama, akaondoka, akarudi kulitazama. Lilikuwa ndani ya ghala tangu kabla hajaajiriwa. Programu ndogo iliyokwisha kufungwa, maandishi yake hayapo, toleo halina, limetoka wapi haijulikani. Ndilo lililotoa karatasi ya dawa ya kila mgonjwa. Aliyeliweka alishaacha kazi, na simu yake haikupatikana.

"Limefanya kazi siku zote," Otieno akasema. "Usiliguse."

"Siwezi kuona ndani. Linaweza kuwa safi kabisa. Linaweza kuwa linampelekea mtu majina ya wagonjwa. Jumapili nikiulizwa niseme nini?"

"Hutaulizwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema mimi.

"Susu, usimtie hofu." Otieno akamgeukia Kavata. "Ukilitoa, karatasi ya dawa haitoki. Ukisema hulijui, mudir ataona hujui kazi. Uko kwa majaribio, Kavata. Mimi siko."

Alikuwa anamtakia mema, sasa naliona hivyo. Lakini siku ile nilijiuliza, mbona huyu kijana analitetea hilo faili kama mtoto wake?

"Ni wewe uliyeliweka?" nikamwuliza.

Akaweka chapati chini. "Susu, nakula chakula chako na bado unanishtaki?"

"Kula. Utajibu ukimaliza."

Akamaliza, akajibu. Si yeye. Kavata akanionyesha kwamba ghala linaandika jina la kila anayeweka kitu, na jina lilikuwa la yule aliyeondoka. Basi nikamwongeza Otieno maharagwe, hatukulizungumza tena.

Kavata akasimama dirishani, akampigia mudir simu. Siku ya Ijumaa, mwanangu, siku ya mtu na watoto wake. Walizungumza Kiingereza, nami nikasoma mgongo wake. Mgongo ulinyooka, ukainama, ukanyooka. Aliposhusha simu nikamwuliza amesema nini.

"Nimemwambia nimelitoa. Programu itaenda bila karatasi ya dawa mpaka tuandike yetu. Amesema basi Jumapili nimwambie mteja kwa mdomo wangu."

"Na majaribio?"

"Hakusema."

Nikamwambia mficha uchi hazai. Akaniambia, "Susu, leo methali zimetosha." Nikamwachia.

Jumapili alipotoka kwenda kazini, nilisali, kisha nikafunga sanduku langu. Imani ninayo, lakini sanduku nalo lina zipu.

Alirudi alasiri, akakaa, akanisimulia. Msimamizi wa wauguzi kwa yule mteja alikuwa mama mmoja Mganda, mtu wa maneno machache. Saa zilikuwa sawa, kila muuguzi mahali pake. Kisha yule mama akauliza karatasi ya dawa iko wapi. Kavata akamweleza kama ilivyo. Mudir akaitazama sakafu.

"Hiyo ya kwanza iliundwa na nani?" mama akauliza.

Kavata akasema hawajui.

"Na majina ya wagonjwa wangu yanapita humo?"

Kavata akasema ndiyo, yangepita.

"Basi kaeni nayo. Wauguzi wataandika kwa kalamu mpaka mlete yenu."

Kwenye gari, wanakaribia Al Rayyan, mudir akasema, "Kesho njoo utie saini ya mkataba. Na siku nyingine mambo haya uniambie Alhamisi, si Ijumaa."

Lile faili hatujui mpaka leo lilikuwa na nini ndani. Huenda halikuwa na ubaya wowote. Huenda aliyeliweka alikuwa mwema, aliondoka kwa haraka tu kama watu wanavyoondoka hapa, tiketi mkononi. Sijamhukumu. Simwamini tu. Hizo ni habari mbili.

Basi, mwanangu, nikuweke wazi ninachotaka ushike. Kuazima si dhambi. Hata moto tuliazimana. Lakini ukiazima, jua umeazima kwa nani, andika ni kipi hasa ulichokijaribu, ukifunge hapo hapo, na siku ya kuchukua kipya uchukue kwa macho yako wala si kwa mazoea. Usikubali kuletewa kilicho kipya eti kwa sababu ni kipya. Yule wa picha ya paka anaweza kuwa mtu mzuri kuliko mimi, ila hajui kama upo, na hatakuuliza siku atakapobadilisha mawazo.

Ghala la kazi liachie kazi. Vitu vizito visivyosomeka vina mahali pake; humo acha alama ya kukupeleka viliko. Na ukumbuke kwamba ghala halisahau, kwa hiyo fikiri kabla ya kuweka, si baada. Uvivu wako wa leo atakuja kuubeba mtu ambaye hata hajaajiriwa.

Na kitu kilichofungwa, kisicho na jina la mtengenezaji wala njia ya kukitengeneza upya, usikipokee kama mtu asiyepaswa kuuliza. Huyo ni mbuzi kwenye gunia. Ukimkuta yumo nyumbani tayari, usiseme amekuwapo siku zote. Hata mchwa wamekuwapo siku zote. Mtoe, au useme mbele ya watu kwamba humjui. Neno sijui likisemwa mapema ni uungwana; likisemwa baada ya madhara ni utetezi.

Watakuita mshuku. Waache wakuite.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe jicho linalotazama mara ya pili, na ulimi usioogopa mkubwa siku ambayo ukimya ndio ungekupa mkate. Akuweke mahali unapoulizwa uliyofanya, ukajibu bila kutafuta maneno. Na atakayekaa kwenye kiti chako baada yako, akifungua ulichomwachia, akute kila kitu kina mwenyewe, aseme tu, aliyekuwa hapa alikuwa mtu.